Mama Mkwe Kavaa Raba

Jumatatu, 23 Machi

Sikukuu imekwisha, pilau limekwisha, na Dokta Deusi ametuma ujumbe kwenye kundi letu la jogging: mazoezi yanaanza upya kesho alfajiri, na kila mwanachama aandike shajara mpaka siku ya mbio, katikati ya mwezi wa sita. "Andikeni mlichokimbia, mlichokula, mlivyolala na mlivyojisikia." Huyu Deusdedit ni tabibu wa kituo cha afya hapa Kibiti, mtu wa Bukoba, na ndiye aliyetuanzishia hizi mbio.

Basi naanza. Leo sikukimbia. Nimekula kiporo cha pilau. Nililala vizuri. Ninavyojisikia ni kwamba suruali imenibana.

Jumatano, 25 Machi

Nimekimbia na Vicky mpaka kwenye mizani ya malori na kurudi. Vicky ni mtu wa Mbeya, anafanya kazi benki, na anakimbia huku anapiga soga kama mtu aliyekaa kibarazani. Miye nilijibu kwa kichwa tu.

Mwaka jana kwenye mbio za kilomita kumi nilikimbia vizuri mpaka nikaishiwa. Kipande cha mwisho nilitembea chote, tena taratibu, hata mzee mmoja mwenye baiskeli akaniuliza kama naenda msibani. Mwaka huu sitembei. Hilo ndilo lengo langu na nimeliandika hapa ili nisije nikalikana.

Nyumbani ni kama kawaida. Saidy karudi gereji usiku, mikono imejaa grisi. Salama kamaliza hesabu zake za darasa la tatu. Mama mkwe, Bi Tatu, kakaa kwenye kiti chake barazani tangu asubuhi, anaangalia wapita njia. Mafuriko ya mwaka juzi yalibeba nyumba yake Mohoro pamoja na mpunga wote uliokuwa shambani, na tangu hapo yuko kwetu. Tumemwekea chumba, kitanda na feni. Mchana kaonja mchicha wangu akasema, "Umeungua kidogo, lakini si neno." Kila siku kuna kitu ambacho si neno.

Ijumaa, 27 Machi

Mama kapimwa sukari kituoni. Iko juu. Kaongezewa dozi ya vidonge na kaambiwa atembee. Karudi na bodaboda, kakaa kwenye kiti.

Jumapili, 29 Machi

Nimefungua mlango saa kumi na moja alfajiri nikidhani wenzangu wote wamelala. Nikamkuta Mama kasimama uani, baibui limekunjwa mpaka juu ya vifundo, kanga kiunoni, na miguuni kavaa raba za zamani za Saidy.

"Shikamoo Mama. Vipi, unaumwa?"

"Marahaba. Twende."

"Wapi?"

"Huko mnakokimbilia kila siku. Au mimi siruhusiwi?"

Tukaenda. Mtu asiyejua anaweza kucheka, lakini mkwe ni mkwe. Miaka yote hii sijawahi hata kula naye sahani moja, na leo narukaruka mbele yake na fulana iliyolowa jasho! Kibaya zaidi ni zile nyimbo zetu za jogging. Mwimbishaji wetu ana maneno yake ya utani wa chumbani ambayo hutupa nguvu kwenye mlima. Leo kaanza ubeti wa kwanza, kageuka, kamuona Bi Tatu, na papo hapo wimbo ukageuka kuwa wa kusifu maji safi na salama. Tulipanda mlima mzima tukiimba habari za bomba.

Mama alitembea nyuma na Dokta Deusi. Kesho hatainuka.

Jumatatu, 30 Machi

Kainuka.

Alhamisi, 2 Aprili

Mvua tangu usiku. Kundi zima tumekubaliana tulale. Nimeamshwa na sauti ya miguu uani, pa, pa, pa. Nikachungulia: Mama anazunguka nyumba chini ya upenu, anapita dirisha letu, anapotea, anarudi. Saidy kajifunika shuka usoni kwa kucheka. "Mtoto wa kike kalala, bibi anafanya mazoezi," kasema. Nimemnyima chai.

Mchana Mama kaja dukani kwangu, kasimama karibu na cherehani. Baibui linamfunga miguu, kasema. Nimemkatia suruali pana ya kitambaa chepesi na gauni la mikono mirefu linaloshuka mpaka magotini. Nilipompima kiuno alitazama pembeni, nami nikatazama pembeni, na vipimo vikapatikana hivyohivyo.

Jumamosi, 4 Aprili

Kesho Pasaka, Deusi na Vicky watakuwa kanisani, kwa hiyo tumekimbia leo.

Nimemuangalia Mama kwa makini. Hatua zake ni fupi, nyayo hazipandi juu, kichwa hakitikisiki. Anakimbia kama mtu aliyejitwisha ndoo na hataki imwagike. Nikamuomba Dokta amfundishe kurusha mikono kama sisi. Deusi kamtazama kwa muda, kisha kasema, "Huyu muache hivyohivyo, Nasra. Wewe ndiye unayetakiwa kumwiga."

Wakati wa kurudi kanisimulia bila kuulizwa. Utotoni Mohoro yeye na mdogo wake Mwanaidi walikuwa wakiamia ndege shambani wasile mpunga. Ndege wakishuka upande wa mtoni, unakimbia mtoni ukipiga debe. Ukifika, wameshahamia upande wa pili. Alfajiri mpaka jua kuzama, msimu mzima, juu ya matuta membamba. "Mnaita mazoezi," kasema. "Sisi tulikuwa tunaita kazi."

Alhamisi, 9 Aprili

Mama kaonja mchicha. Hakusema kitu. Sijui niogope au nifurahi.

Jumatatu, 13 Aprili

Jana sikuweza kuandika. Leo naandika yote.

Tuliondoka alfajiri na manyunyu, tukashika ile njia ya vumbi inayopita kwenye mikorosho. Msimu huu haina vumbi, ni tope jekundu linalong'ang'ania raba. Deusi na wenye kasi walitangulia. Nyuma tulibaki mimi, Vicky na Mama. Mama alikuwa kimya tangu tuanze, nami nikaushukuru ukimya ule, maana siku hizi akianza habari za Mohoro hamalizi.

Tulipopita kalvati la pili nikaona anayumba. Nikadhani ni tope. Hatua chache mbele akasimama katikati ya njia. Mvua ilikuwa ya baridi, lakini Mama alikuwa anatokwa na jasho, midomo inatetemeka. Akanitazama kama mtu aliyekasirika.

"Mwanaidi, ndege wameshuka mtoni. Mbona umesimama?"

Mwanaidi alifariki kabla sijaolewa.

"Mama, ni mimi, Nasra."

"Piga debe, weye!"

Magoti yakamlegea. Tulimdaka wote wawili tukamkalisha kwenye nyasi pembeni. Vicky hakuwa na soga tena. "Hii ni sukari kushuka," alisema. "Baba yangu ilikuwa inampata hivihivi. Anataka kitu kitamu sasa hivi, asisinzie." Tukajipapasa mifukoni. Hatukuwa na chochote, simu tumeziacha nyumbani kwa sababu ya mvua. Vicky akaondoka mbio kumfuata Dokta. Sijawahi kumuona mtu anakimbia vile.

Nikabaki peke yangu na mama wa mume wangu mapajani, mikorosho kulia na kushoto, mvua inazidi. Nilikuwa namuita jina lake ili asilale. Nilimuita Mama, nilimuita Bi Tatu, mwisho nikaitika kila aliponiita Mwanaidi. Nilikuwa nafikiria jinsi nitakavyomwambia Saidy.

Kisha nikasikia pikipiki. Ilikuwa imefunga kreti za soda nyuma, inapeleka kwenye maduka ya vijijini. Nilisimama katikati ya njia nikanyoosha mikono, nikamuacha dereva achague mwenyewe. Alifunga breki, pikipiki ikateleza, chupa zikagongana, lakini hakuanguka. Alimtazama Mama mara moja tu. Alichomoa soda ya chungwa, akaifungulia kwenye chuma cha pikipiki, akanipa.

Nikaipeleka kinywani mwa Mama. Akabana meno.

"Nimefunga," akasema. Hilo alilisema kwa ufasaha kabisa.

Hapo ndipo nilipoelewa. Sita! Alikuwa anafunga zile siku sita za baada ya Ramadhani, bila kutuambia. Kameza kidonge wakati wa daku, kala matonge mawili au hata moja, kisha kaja kukimbia.

"Mama, kunywa."

"Nimefunga, Mwanaidi."

Miye sijawahi kumwambia Mama hata asogeze kiti nifagie. Nafagia kukizunguka. Lakini jana nilimshika kidevu, na sauti iliyonitoka sijui ilikuwa ya nani. "Fungua mdomo! Mungu anaona unaumwa, hakudai funga hii. Fungua mdomo, Mama, nimesema!"

Akafungua. Nyingi ilimwagika shingoni, lakini nyingine ilishuka. Nikampa tena, kidogo kidogo. Dereva alikuwa amevua koti lake la mvua, amelishika juu yetu kama mwavuli.

Deusi alipofika, tope mpaka kifuani, Mama alikuwa ameshaacha kutetemeka. Alimtazama Dokta, akamtazama dereva, akanitazama mimi.

"Nani kaninywesha soda?"

"Mimi, Mama."

"Ilikuwa ya moto," akasema.

Nikalia palepale, mbele ya watu.

Jumanne, 14 Aprili

Mama karuhusiwa kutoka kituoni. Deusi kampigia kelele kwa adabu zote alizofundishwa kwao. Asikimbie mpaka atakapomwambia. Na asifunge bila kumuona yeye kwanza.

Jioni nilimpelekea uji. Akaupokea, akashika mkono wangu.

"Uliniamrisha."

"Nisamehe, Mama."

"Sikukwambia uombe msamaha. Nakwambia uliniamrisha." Akanywa uji wote.

Ijumaa, 17 Aprili

Shemeji Hemedy kaja baada ya swala ya Ijumaa. Ndiye mtoto mkubwa wa Mama, ana mashine ya kukoboa mpunga Ikwiriri, na akizungumza Saidy hutazama chini. Hakukaa.

"Shemeji Nasra, wewe ndiye uliyempeleka mama yangu porini kukimbizana na mvua?"

Nilijibu kwamba tulikuwa mazoezini, na kwamba ni dokta aliyesema atembee.

"Atembee! Bibi wa wajukuu tisa anavaa suruali barabarani. Ikwiriri nzima wananiuliza kama Mama kaingia jeshi. Saidy, nitamchukua. Kesho nakuja na gari. Kwangu atakaa, atapikiwa, atafuliwa. Hatainua hata kikombe."

Niwe mkweli kama Dokta anavyotaka tuwe: mwezi uliopita ningekwenda kumfungia begi mwenyewe, na ningelifunga vizuri. Lakini nikasikia nasema, "Shemeji, Mama haendi."

Wakageuka wote. Hemedy alifungua mdomo, lakini Mama alimtangulia kutoka kwenye kiti chake.

"Hemedy, baba. Maji yalipokuja Mohoro, usiku ule, nani alikuja kunitoa?"

"Mama, barabara ilikuwa imekatika, mimi nilikuwa..."

"Sikulaumu. Nakuuliza nani. Hakuja mtu. Nilitoka kwa miguu yangu, maji kifuani, nimembeba mtoto wa jirani. Miguu hii. Nilipofika kwenu mkanipa kiti. Miaka miwili nimekaa kwenye kiti, mnaniletea maji, mnaniletea chakula, mpaka nikaanza kusahau kama nina miguu. Sasa nimeikumbuka. Unataka unipeleke kwenye kiti kingine?"

"Ungekufa kule, Mama."

"Ningekufa kwa kufunga bila kusema. Hilo ni kosa langu, nimelisikia. Si kosa la mkeo mdogo huyu, na si kosa la mbio."

Anamaanisha mimi. Huku pwani shemeji ni mke wa utani, lakini jana hakuna aliyecheka.

Hemedy alikataa chakula. Mlangoni akamwambia Saidy, "Likimpata jingine, msinipigie simu." Mama alisikia. Aliingia chumbani mapema.

Jumamosi, 18 Aprili

Nimesoma nilichoandika hapo juu: nimeandika "jana" wakati yalitokea siku ileile. Niliandika kwa haraka. Gari halikuja.

Jumapili, 26 Aprili

Mvua. Barabara ya kwenda mtoni imefunikwa na maji. Sijakimbia wiki nzima. Nimekula sana mihogo ya nazi.

Jumatano, 6 Mei

Dokta kamruhusu Mama kutembea, kisha kukimbia kidogo, kisha kutembea. Masharti: ale kwanza, na mfukoni awe na peremende. Nimemshonea mfuko wenye zipu kwenye gauni. Tatizo ni kwamba peremende zinaisha kabla hatujafika mizani, na Mama anaapa hajazigusa.

Tunakwenda wawili tu siku nyingi, maana Vicky yuko kwenye hesabu za benki. Nimezoea hatua zake. Zamani nilikuwa nahesabu nguzo za umeme nikiomba ziishe. Siku hizi Mama ananisimulia habari za watu waliokwisha kufa, nani alimuoa nani, nani alimkimbia nani, na nikiinua kichwa tumefika.

Jumapili, 17 Mei

Sukari ya Mama imeshuka mpaka pazuri. Deusi kaandika namba ile kwa wino mwekundu na kaipigia mstari. Mama kamuuliza kama sasa anaweza kuandikishwa kwenye mbio. Deusi kanitazama mimi. Nimesema ndiyo.

Alhamisi, 28 Mei

Jana ilikuwa Iddi ya kuchinja. Hemedy hakuja. Ni mara ya kwanza. Kila mwaka huja na watoto wote, na mguu mzima wa mbuzi. Mama alikaa na simu mapajani tangu swala mpaka alasiri. Nilimuuliza kama nimpigie.

"Ana namba yangu," kasema.

Jioni, bila kuitwa na mtu, kavaa raba zake. Tulikimbia mpaka kiza kikaingia. Hakusimulia habari ya mtu yeyote.

Jumapili, 7 Juni

Mvua zimekatika kabisa. Upepo wa asubuhi ni mkavu, mpunga unaiva huko bondeni, na magari ya Mohoro yanapita yamebeba watu wa kwenda kuvuna. Mama alisimama kuyatazama. Kasema mwakani atalima tena, eneo la juu kidogo, mahindi na mpunga wa mlimani, na sisi tutakwenda kumsaidia kuamia. Hakuuliza. Kaarifu tu.

Muda wote ule aliokaa barazani nilidhani anaangalia wapita njia tu. Kumbe alikuwa anatafuta gari la kwao.

Jumamosi, 13 Juni

Kesho. Tumekula wali na samaki. Mama kala kidogo, akaenda kujaza peremende kwenye mfuko wake wa zipu. Nimepiga pasi nguo zetu zote mbili. Saidy kaniuliza amuombee nani ashinde, mkewe au mama yake. Kisha kaona uso wangu akaenda kuangalia pikipiki ya mteja.

Jumapili, 14 Juni

Naandika nimelala chali, miguu ukutani.

Uwanja ulijaa. Walikuja wa Ikwiriri, wa Mkongo, hata wa Dar na fulana zao zinazong'aa. Tulipoanza nilikuwa na akili zangu. Kisha nikamuona Vicky mbele, anacheka na watu, nikasema leo namfuata huyu. Nilimfuata vizuri sana mpaka pale tunapogeuka kurudi. Nilikuwa najiona mtu wa televisheni.

Wakati wa kurudi, kichomi kikanishika ubavuni kama nimechomwa na sindano ya kushonea magunia. Vicky akaenda zake. Nikapunguza, nikapunguza tena, mpaka nikawa nakimbia polepole kuliko mtu anayetembea. Lakini sikutembea. Nasema tena hapa: sikutembea.

Ndipo nikasikia nyuma yangu: pa, pa, pa.

Nilifurahi. Nikajua sasa nina mwenzangu, tutashikana mikono tumalize pamoja, watu watupige picha, mtu na mkwewe. Akanifikia. Kichwa kimetulia, gauni limekauka kabisa, shavu moja limetuna peremende.

"Kichomi?" akauliza.

"Ndiyo, Mama."

"Pumua kwa tumbo," akasema. Na akapita.

Hakunisubiri! Sikuamini macho yangu. Nilimtazama mgongo unavyokwenda, unakuwa mdogo, anampita kijana wa Dar, anampita na mwingine. Kwanza ikaniuma. Halafu kicheko kikanipanda, na ukijaribu kucheka na kichomi utajua wewe mwenyewe.

Kwenye mlima wa mwisho, kabla ya uwanja, pembeni ya watu, alisimama mwanamume mmoja mwenye kanzu nyeupe na kofia, chupa ya maji mkononi. Alikuwa anatazama wakimbiaji mmoja mmoja kama mtu anayetafuta mzigo wake stendi. Nilimtambua kabla Mama hajamfikia. Hemedy.

Mama alimuona. Hakusimama. Alipofika usawa wake alinyoosha mkono tu, kama anayepokea kitu kwa mtoto aliyemtuma, na Hemedy akampa maji. Nilidhani yamekwisha. Lakini Hemedy akainama, akakusanya kanzu kwa mikono miwili mpaka magotini, akaingia barabarani na kandambili zake, akaanza kukimbia kando ya mama yake.

Mwili mkubwa ule haujakimbia tangu shule. Alikuwa anatweta namsikia nilipo. Nilimsikia pia anasema, "Taratibu Mama, taratibu jamani," na Mama anamjibu, "Wewe kama umechoka simama." Kandambili moja ikakatika mkanda. Akaiacha barabarani. Waliingia uwanjani hivyo, mama na raba zake, mtoto na mguu mmoja mtupu, na uwanja mzima ukalipuka kwa vigelegele.

Niliiokota ile kandambili nilipopita. Nilimaliza nayo mkononi.

Nilipowafikia, Hemedy alikuwa amekaa chini kwenye majani, kofia imeanguka, hawezi kusema. Mama kasimama kando yake anampepea kwa kanga. Nikamuuliza kwa nini hakunisubiri.

"Nilikuona umechoka, mwanangu," akasema. "Nikaona nisikusumbue."

Hemedy alipata pumzi. "Shemeji," akaniambia, "nimekuja kukwambia..." Ikambidi apumue tena. "Nimekuja kukwambia ahsante. Ya siku ile." Nikampa kandambili yake.

Alikula kwetu mchana. Alikula sahani mbili.

Jumatatu, 15 Juni

Miguu haikunjiki. Nimeshuka ngazi ya duka kinyumenyume. Mama kaamka kabla yangu, kafagia ua, kapika uji, kaniletea kitandani kama mzazi aliyejifungua.

Saa tatu simu yake ikalia. Ilikuwa Hemedy kutoka Ikwiriri. Walisalimiana kwa kirefu, Mama akaulizia mashine, akaulizia wajukuu, halafu akanyamaza anasikiliza, na tabasamu likamtanda usoni. Akaifunika simu kwa kiganja akanigeukia.

"Anauliza Jumapili huwa mnakutana saa ngapi."

"Mwambie kumi na moja na nusu, pale uwanjani."

Mama akairudisha simu sikioni. "Kumi na moja na nusu," akasema. "Na usije na kanzu."